Ujasiri wa jando usiwazike wanaume wa makamo

Ufikapo mwezi wa Agosti katika mwaka wa tohara, vijiji vingi vya Kakamega na vya jirani zetu wa Bungoma huvuma kwa nyimbo. Kijana anayeingia jandoni huaswa na wajomba, baba wadogo na babu kwamba kisu kikimgusa asipepese jicho wala asitoe sauti, maana aibu yake itakuwa aibu ya ukoo mzima. Akistahimili, hupigiwa vigelegele, hutunzwa zawadi, na tangu siku hiyo huhesabiwa miongoni mwa wanaume.

Hatuna nia ya kuubeza mwiko huo. Mafunzo ya jando yamelea watu wengi wenye msimamo, na jamii isiyowafunza vijana wake ustahimilivu hujichimbia kaburi. Lakini lipo swali ambalo wazee wetu, walimu wetu na viongozi wetu hawajalijibu. Kijana yule aliyefunzwa kunyamaza kwa dakika chache akiwa na miaka 14, ni nani atakayemwambia kwamba akifika miaka 50 ana ruhusa ya kusema kwamba anaumwa?

Swali hili si la mzaha. Katika majilisi ya walimu ya karibu kila shule yumo mwalimu wa kiume aliyevuka miaka 45 ambaye wenzake wameanza kumnong'ona. Alikuwa mcheshi, sasa ni mkali kama pilipili. Alizoea kukimbia uwanjani pamoja na wanafunzi, sasa akipanda ngazi za darasani huhema. Usingizi humruka saa nane za usiku, kisha humjia saa nane za mchana wakati wa kipindi. Kiuno kimepanuka, misuli imelegea, na nyumbani chumba cha kulala kimegeuka mahali pa visingizio.

Wanafunzi humpa majina ya kumkejeli. Mkuu wa shule humwandikia barua ya onyo. Mkewe hushuku kwamba ana mwanamke wa kando. Yeye mwenyewe hudhani amerogwa, au amezeeka kabla ya wakati wake. Katika watu wote hao, hakuna hata mmoja anayefikiri kwamba huenda mwili wa mtu huyu unajaribu kutoa habari, na kwamba habari hiyo inahitaji msikilizaji.

Tunaamini kwamba kimya hiki kinaigharimu jamii, na hasa shule zetu. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, mwanamume wa Kenya hutarajiwa kuishi miaka 60 na ushei, naye mwanamke zaidi ya miaka 66. Mwalimu wa umma hustaafu akiwa na miaka 60, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2009. Ni kweli kwamba wastani huo wa sensa huhesabu hata watoto wafao wachanga, na kwamba aliyekwisha kufika miaka 50 ana matumaini ya kuvuka hapo. Hata hivyo, pengo la karibu miaka 6 baina ya mume na mke si jambo la kupuuzwa. Wajane wa Kakamega wanalijua vyema kuliko watakwimu.

Yafaa basi tuanze na yale yanayojulikana, na walimu wa Biolojia watusahihishe tukiteleza. Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi za mwili na kusafirishwa na damu ili kupeleka amri kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Homoni kuu ya mwanamume ni testosteroni. Hutengenezwa hasa katika korodani, kwa amri ya tezi ndogo ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na tezi hiyo nayo hupokea amri kutoka sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Ni homoni hii inayomfanya mvulana abaleghe, sauti imkomae, ndevu zimwote na misuli imjae.

Mwanafunzi wa sekondari hulijua somo hilo na hulijibu vizuri katika mtihani. Kwa bahati mbaya somo lenyewe huishia hapo kwenye balehe, kana kwamba mwanamume huzaliwa, huota ndevu, kisha hufa. Kazi ya testosteroni haimaliziki kwa ndevu. Huendelea kulinda mifupa isidhoofike, huchochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, hudumisha misuli, hamu ya unyumba na utengenezaji wa mbegu za uzazi.

Kuanzia baina ya miaka 30 na 40, kiwango cha homoni hii huanza kushuka polepole, kwa wastani wa takriban asilimia 1 kila mwaka. Hapa ndipo mwanamume anapotofautiana na mwanamke. Mwanamke hufikia ukomo wa hedhi, na homoni zake hushuka sana katika muda wa miaka michache. Mwanamume hana ukomo wa namna hiyo. Safari yake ni ya mteremko mrefu, wala si ya maporomoko, na wako wazee wa miaka 70 waliojaliwa watoto. Kwa hiyo lile jina la andropozi, ambalo limebuniwa kwa kuiga jina la hali ya wanawake, limewachanganya wengi. Limewafanya wadhani kwamba kila mwanamume akifika umri fulani homoni zake hukatika ghafla, na kwamba dawa yake ni kuzirudisha kwa sindano au kwa mzizi.

Ushahidi hauungi mkono dhana hiyo. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi nane za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2010 uliwahusisha wanaume zaidi ya 3,300 wenye umri wa miaka 40 hadi 79. Wachunguzi waliwahesabu kuwa wagonjwa wa upungufu wa homoni wale tu waliokuwa na kiwango cha chini katika damu pamoja na dalili tatu za udhaifu wa unyumba. Waliopatikana walikuwa kama 2 katika kila 100. Miongoni mwa wale wa miaka 50 hadi 59, hawakufika hata 1 katika kila 100. Dalili hizo zilionekana pia kwa wengi ambao homoni zao zilikuwa za kutosha.

Wala tusidhani kwamba mwili wa kila mwanamume duniani hufuata ratiba moja. Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wanaume wa jamii nne, miongoni mwao Walese, wakulima wa msitu wa Ituri mashariki mwa Kongo, na Wamarekani. Katika ujana kiwango cha testosteroni kilitofautiana sana, huku Wamarekani wakiwa juu. Walipolinganishwa walio baina ya miaka 45 na 60, tofauti hizo hazikuonekana tena. Chakula, kazi na maradhi ya mahali mtu anapoishi humfinyanga kama mfinyanzi afinyangavyo udongo. Matangazo ya dawa yaliyoandikwa kwa ajili ya mtu wa Chicago hayafai kusomwa Lurambi kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Tamaa ya kuurudisha ujana ni ya kale. Mwaka 1889 daktari mashuhuri Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa kisiwa cha Morisi katika Bahari yetu ya Hindi, aliwatangazia wataalamu wenzake mjini Paris kwamba alikuwa amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za nguruwe wa Guinea. Alikuwa na miaka 72, na akadai kwamba nguvu zake zilikuwa zimerejea. Leo tunajua kwamba maji yale hayangeweza kuwa na homoni ya kutosha kumfaa kitu. Kilichomponya ni imani yake. Katika miaka ya 1920 daktari mwingine, Serge Voronoff, alijipatia utajiri huko Ufaransa kwa kuwapandikizia matajiri vipande vya korodani za nyani. Hao nao walizeeka na kufa kama watu wengine.

Homoni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1935. Wanasayansi wa Amsterdam walilazimika kusaga kilo 100 za korodani za fahali ili wapate miligramu 10 tu. Wapenzi wa mapigano ya fahali kule Khayega na Malinya watapima wenyewe ni mafahali wangapi hao. Mwaka uo huo Adolf Butenandt wa Ujerumani na Leopold Ruzicka wa Uswisi waligundua namna ya kuitengeneza katika maabara, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1939. Tangu hapo testosteroni imekuwa dawa ya kweli kwa wagonjwa wa kweli, yaani wale ambao korodani au pituitari zao zina kasoro. Vilevile imekuwa bidhaa ya kuwauzia wasio wagonjwa, hata ikabidi mamlaka ya dawa ya Marekani itoe onyo mwaka 2015 dhidi ya kuitumia kwa sababu ya uzee pekee.

Hapa kwetu bidhaa ni nyingine, ila biashara ni ile ile. Msafiri ashukapo katika kituo cha magari cha mji wa Kakamega hupokewa na wachuuzi wa mukombero, mzizi wa mmea ambao wataalamu huuita Mondia whitei, uliokuwa ukijiotea kwa wingi katika Msitu wa Kakamega. Wazee wameutafuna tangu jadi ili kuamsha hamu ya chakula na kunogesha mazungumzo, na hilo halina ubaya. Leo huuzwa kwa sifa moja tu, ya nguvu za kiume, na kwa kuwa mzizi hung'olewa pamoja na uhai wa mmea, mahitaji hayo yameupunguza sana msituni.

Je, unafanya kazi? Watafiti wa Kamerun waliwapa panya dondoo za mzizi huo na kupata matokeo yanayovutana. Mwaka 2001 waliripoti kwamba ulizuia kwa muda utengenezaji wa mbegu za uzazi. Mwaka 2004 waliripoti kwamba uliongeza testosteroni. Panya si mwalimu, na mwenye kuutafuna mukombero kwa starehe na autafune. Anayeutafuna badala ya kwenda kupimwa ndiye tunayemsikitikia.

Hatari iliyo kubwa zaidi iko kwenye nguzo za stima na kuta za maduka, ambako hubandikwa mabango ya waganga yenye nambari za simu na ahadi za kumrejeshea mtu heshima yake nyumbani. Katika nchi mbalimbali, dawa za aina hiyo zinazodaiwa kuwa mitishamba mitupu zimegunduliwa zimechanganywa kisirisiri na sildenafil, ambayo ndiyo dawa iliyomo katika Viagra. Dawa hiyo si mbaya ikitolewa na daktari. Lakini mtu anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti akiimeza bila kujua, shinikizo la damu yake linaweza kuporomoka hata akafariki. Mganga wa kwenye bango hamuulizi mteja anatumia dawa gani nyingine.

Msomaji atauliza: ikiwa homoni si chanzo kwa wengi, mwalimu yule wa majilisi anaugua nini? Jibu ni kwamba mara nyingi mambo husukana kama ukili. Anayenenepa tumboni hupunguza testosteroni yake mwenyewe, kwa kuwa mafuta ya mwili huigeuza kuwa homoni ya kike iitwayo estrojeni. Homoni ikipungua, misuli hupungua na mafuta huongezeka, na mzunguko huanza upya. Kisukari huipunguza. Pombe nyingi, iwe ya chupa au chang'aa, hudhuru korodani zinazoitengeneza. Usingizi haba nao una hatia. Uchunguzi uliofanywa Chicago na kuchapishwa mwaka 2011 uliwachukua vijana 10 wenye afya njema wakalala saa 5 tu kila usiku kwa wiki moja. Testosteroni yao ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wanafunzi wanaokesha na vitabu, na shule zinazowaamsha kabla ya jogoo kuwika, na wazitafakari tarakimu hizo. Katika wiki moja ya kunyimwa usingizi, vijana wale walipoteza kiasi ambacho umri huchukua kwa miaka 10 au zaidi.

Juu ya hayo kuna mizigo isiyoonekana katika kipimo cha damu. Mwanamume wa miaka 50 ana watoto wanaosubiri karo, wazazi wanaougua, mkopo wa chama cha akiba unaomega mshahara wake, na kustaafu kunakobisha hodi. Kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973, kiliwekwa mikononi mwa mrasimu mwaka 2019 baada ya miaka ya kuyumba. Maelfu ya wakulima, madereva na mafundi waliokitegemea walijikuta bila pato katika umri ambao hakuna mwajiri anayewatazama. Wengi wao walikosa usingizi, wakawa wakali, wakapoteza hamu ya unyumba. Kuwaambia watu hao kwamba tatizo lao ni homoni ni kuwatukana.

Kuna jambo moja ambalo kila mwanamume anapaswa kulijua hata akisahau mengine yote. Kushindwa katika unyumba mara nyingi ni kengele ya tahadhari kuhusu moyo. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hiyo ikianza kuziba kwa sababu ya shinikizo la damu, kisukari, sigara au mafuta, dalili huonekana kwanza chumbani, pengine miaka michache kabla ya maumivu ya kifua. Mwanamume anayekimbilia bango la mganga anazima kengele huku nyumba ikiendelea kuungua. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, zaidi ya nusu ya watu wazima wa Kenya walisema hawajawahi kupimwa shinikizo la damu hata mara moja maishani mwao. Kipimo hicho huchukua dakika chache na hakina kisu.

Tezi dume nayo isisahaulike. Saratani ya tezi hiyo ndiyo inayowapata wanaume wengi zaidi nchini Kenya kuliko saratani nyingine yoyote. Mwaka 1941 Charles Huggins alionyesha kwamba saratani hiyo hustawi kwa testosteroni, ugunduzi uliomletea Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Kwa sababu hiyo hakuna daktari mwaminifu atakayemdunga mtu homoni hii bila kumchunguza kwanza. Kipimo cha testosteroni chenyewe huchukuliwa asubuhi, wakati kiwango kiko juu, na hurudiwa siku nyingine kabla ya hukumu kutolewa. Sindano ya testosteroni huzima amri ya pituitari na kupunguza mbegu za uzazi, kwa hiyo anayetaka mtoto hapaswi kuikimbilia. Uchunguzi wa wanaume zaidi ya 5,000 uliochapishwa mwaka 2023 uliondoa hofu kwamba matibabu hayo huongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wagonjwa wenye upungufu wa kweli. Lakini ulionyesha pia kwamba mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida na damu kuganda mapafuni viliongezeka. Ni dawa, na kila dawa ina bei yake.

Tukigeukia moyo ule usioonekana kwa mashine, hali ni nzito zaidi. Ulimwenguni kote wanaume wanaojitoa uhai ni zaidi ya maradufu ya wanawake. Huzuni ya muda mrefu, ambayo wataalamu huiita sonona, haimtoi mwanamume machozi kila mara. Mara nyingi humtoa hasira, ulevi na kimya. Kwa miaka mingi sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujiua na kunusurika kuwa mhalifu. Mahakama Kuu iliitangaza sheria hiyo kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Sheria imeondolewa mahakamani, lakini bado inakaa katika ndimi zetu, tunapomwambia mwanamume aliyezidiwa kwamba ajikaze kisabuni.

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kwamba mazungumzo haya ni ya kizungu na yanawadhoofisha wanaume. Hoja hiyo tunaiheshimu, ila tunaona kwamba inaisahau historia yetu wenyewe. Watiriki, ambao zamani walikuwa katika wilaya ya Kakamega na leo wako katika kaunti ya Vihiga, walikuwa na utaratibu wa marika uliompa kila mwanamume nafasi mpya kadiri umri ulivyosonga. Aliyekuwa askari kijana alipanda kuwa askari mkubwa, kisha mzee wa kuamua kesi, na hatimaye mzee wa matambiko. Jamii ilikubali hadharani kwamba nguvu za mikono hupungua, na ikaandaa kiti kwa ajili ya mtu huyo kabla hajachoka kusimama. Hakuna aliyemtaka mzee wa baraza arushe mkuki kama kijana ili athibitishe kwamba angali mwanamume. Sisi ndio tuliokiondoa kiti kile, tukamwachia mtu wa makamo picha moja tu ya uanaume, nayo ni ya mvulana wa miaka 25.

Tufanye nini basi? Kwanza, walimu wenyewe waanze. Vyama vya KNUT na KUPPET vimepigania mishahara kwa ushujaa, lakini mshahara wa marehemu hauna ladha. Vitenge saa moja katika mikutano yao ya matawi, wamwalike muuguzi mwenye kipima shinikizo na kipima sukari, na wanachama wapimwe kabla ya hotuba kuanza. Mkuu wa shule anayeona mwalimu wake amebadilika aulize kwanza kuhusu afya kabla ya kutafuta karatasi ya onyo. Nasi tulio katika umri huo tutembee kwa miguu badala ya kupanda bodaboda hadi mlangoni, tupunguze sukari na chupa, tulale, na tuwaambie wake zetu ukweli. Mke aliyeelezwa huwa mshirika. Aliyefichwa huwa mpelelezi.

Pili, serikali ya kaunti. Kakamega ilijipatia sifa kuanzia mwaka 2013 kwa mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, uliowapa akina mama wasiojiweza pesa ili wahudhurie kliniki na kujifungua mikononi mwa wahudumu. Mpango huo ulithibitisha kwamba watu huja wanapofunguliwa mlango. Mwanamke hukutana na muuguzi kila anapobeba mimba. Kwa wanaume wengi wetu, mara ya mwisho mtaalamu kuikagua miili yao ilikuwa siku ya tohara. Zahanati zikitenga Jumamosi moja kila mwezi kwa ajili ya wanaume waliovuka miaka 40, gharama yake itakuwa ndogo kuliko ya kuwatibu kiharusi na figo katika Hospitali Kuu ya Kakamega.

Tatu, wazee wa jando. Wao wana darasa ambalo wizara yoyote ingelionea wivu, maana hukaa na vijana wakiwa wamefungua masikio. Tunawasihi waongeze somo moja. Wawaambie vijana kwamba kustahimili kisu ni ushujaa, ila kuficha ugonjwa ni upumbavu, na kwamba atakayekuwa baba ana wajibu wa kuulinda mwili wake kwa sababu si wake peke yake.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba makala haya hayawahusu. Mwalimu mnayemcheka kwa kusinzia darasani huenda ni mgonjwa asiyejijua. Baba anayefoka kila jioni huenda anaogopa jambo asilolijua jina. Hatuwaambii mvumilie kupigwa au kutukanwa, kwa kuwa ugonjwa si kibali cha ukatili, na anayeumizwa na aseme. Tunawaambia tu kwamba swali moja la upole, "Baba, umepimwa lini?", likitoka kinywani mwa mtoto wake, linaweza kufika pale ambapo mabango na mahubiri hayafiki.

Miaka michache ijayo ngoma za tohara zitalia tena, na vijana wengine watasimama bila kupepesa jicho. Tutawashangilia, maana wamestahili. Ila mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Siku watakapofika umri wa baba zao, wasikute kimya kile kile tulichokirithi sisi.